Fundi Friji na Makamasi ya Baharini

pole pole, najiambia, usivute, ukivuta utaukata, na ukiukata hakuna wa kukuunganishia, mrija wenyewe mwembamba kuliko uzi wa buibui na mnyama mzima hafikii hata punje ya mtama, mpitishie kibano ubavuni, hapo hapo, msukume taratibu atoke katikati ya wenzake... "ndiyo mama, nakusikia," namsikia nusu nusu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhia wanyama, na spika nimeifungulia kwa sababu mikono yote miwili iko chini ya hadubini, na mama akipiga simu mchana humwambii nitakupigia baadaye, atadhani unaumwa, anasema friji limekorofisha tena, fundi kaja juzi na jana karudi, sawa, friji, na mimi hapa nahesabu mrija wa mbegu umejizungusha mara ngapi kwenye korodani ya mnyama wa baharini huku mama yangu mzazi yuko hewani, ikinitoka sauti nikahesabu kwa nguvu nitamweleza nini... Asidia, ndilo jina la vitabuni, mama anawaita makamasi, siku ya kwanza nilipomleta hapa maabara nikamwonyesha chupa zangu zimejipanga kwenye rafu alizipitia zote kimya, mikono nyuma, kama mtu aliyekwenda kutoa pole, halafu akaninong'oneza, "mwanangu, yaani miaka yote ile ya kusoma ni kwa ajili ya makamasi?" na tangu hapo majirani wakimuuliza anasema binti yangu ni daktari wa makamasi ya baharini, anasema kwa kujidai kweli kweli, na wala hajadanganya sana, yamejibandika kwenye matumbawe kama kitu alichopenga mtu akapita zake, meupe, ya zambarau, ya rangi ya chungwa, mwogeleaji anaona uchafu, kumbe ni mamia ya wanyama ndani ya ngozi moja, kila mmoja ana mdomo wake wa kuvutia maji lakini maji machafu wanayatolea kwenye tundu moja la wote, kama wapangaji wa nyumba moja, na hakuna anayegombana na mwenzake... anasema fundi kasema ni mpira wa mlango, haubani, baridi inatoka, mm-hm, mpira wa mlango, na huyu niliye naye leo alikuwa wa buluu, buluu ya sare ya shule, kaletwa na mpiga mbizi wetu, yule pale meza ya pili anaandika lebo za chupa, tunamwita Papa, papa yule wa meno, kwa sababu huyu mwanamke chini ya maji haogopi kitu, alimkuta mnyama amejificha kwenye dari ya jiwe, upande usiofikiwa na jua, akapanda naye juu akiapa kwamba huyu hajawahi kuonekana na mtu, lakini Papa huapa hivyo kila wiki, na rangi si ushahidi, ukishawatia kwenye fomalini wote wanakuwa weupe kama yai la kuchemsha, waliokuwa warembo na waliokuwa wabaya, basi inabidi umkate kipande kwa wembe, umtoe mmoja mmoja, uangalie ndani, safu za matundu ya kupumulia ni nne, sawa, vijiwe vilivyomo kwenye ngozi vina ncha kama nyota, sawa, na mpaka hapo hana tofauti yoyote na yule anayejulikana siku zote, aliyejaa kila mwamba wa bahari zenye joto, kilichobaki ni mrija, yule mwingine mrija wake unazunguka mara nane, huyu akiwa na nane basi ni yule yule kabadilisha nguo tu, na mimi asubuhi yote nimekuwa nikiwararua wenye bahati mbaya, huyu kakatika, yule kapasuka, mkono wangu leo una nini... anasema jana haikuwa mpira tena, ilikuwa kile kidude cha kupimia baridi, na kwa kuwa kazi ilichukua muda fundi kala hapo hapo chakula cha mchana, na unajua alipomaliza alifanya nini, kaosha sahani yake mwenyewe, na sufuria kaisugua, mm-hm, kaosha sahani, moja, mbili, huu hapa unazunguka vizuri, tatu, kivuli hiki ni nini, sogeza taa... Papa kaacha kuandika, namwona kwa pembe ya jicho, kalamu iko juu na mdomo wazi kidogo, ananitazama kama mtu anayengojea mwenzake ashtuke, nishtukie nini, na mama anaendelea, fundi huyu hana haraka, fundi huyu mke wake alifariki siku nyingi, fundi huyu anasema lile dirisha la jikoni nalo lingepakwa rangi lingependeza, na hapo ndipo kichwa changu, kilichochelewa, kinapofika mahali, lile friji ni jipya, tulilinunua mimi na kaka baada ya msiba wa baba kwa sababu la zamani lilikuwa likinguruma usiku na mama alikuwa hapati usingizi, friji jipya haliharibiki mpira leo na kidude kesho, huyu mtu anamchezea mama yangu, anamlaghai kwa kuwa ni mjane na yuko peke yake, nikapandwa na hasira, nikasema nikiwa bado nimeinamia kioo, "mama, tutafute fundi mwingine," na yeye akasema, "Sitaki fundi mwingine." Kibano kikasimama. Si maneno, ni sauti, sauti hiyo siijui, miaka yangu yote sijawahi kumsikia mama akisema sitaki namna hiyo, bila ukali, kama msichana anayekataa kubadilishiwa gauni, na Papa pale mezani kaweka kalamu chini, kaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na mimi, mimi ambaye kazi yangu ni kuona alama ndogo zisizoonekana na watu, ndiyo kwanza naona, friji halijawahi kuharibika... na anayenijia kichwani ni baba, baba msoma mita za maji, anarudi jioni viatu vimejaa vumbi la mitaa yote, anakaa kwenye kiti chake cha karibu na redio, mama anamsimulia, soko lilikuwaje, nani kagombana na nani, nani kajifungua, anaongea kwa niaba ya wote wawili, na baba anaitikia mm-hm, mm-hm, alimpenda sana, hilo halina shaka, siku zake za mwisho hospitali alikuwa hakubali kunywa dawa kwa mkono wa mwingine, lakini mm-hm ndiyo ilikuwa hotuba yake, na alipoondoka yale masimulizi yalikosa pa kwenda, yakahamia kwangu, kila siku mchana, spika, chupa ya fomalini, mm-hm, na mimi nikijiona binti mwema... yule fundi anakaa wapi, hilo ndilo swali linalonipanda kooni, anapokula anakaa kiti gani, nikitamka hivyo nitakuwa mtu wa namna gani, kiti ni mbao na mto, baba hayupo kitini wala kwenye redio, na mama kila siku anapika chungu cha watu wawili kwa sababu mkono wake haujui kupima cha mmoja, kinachobaki anampa jirani, mwenyewe aliniambia na mimi nikacheka, nilicheka nini... "Kaka yako nimemwambia habari zangu na fundi," anasema, sasa polepole, neno moja moja, "akasema nikuulize wewe, wewe ukikubali na yeye kakubali," huyo ndiye kaka yangu, tangu utotoni, glasi ikivunjika kamuulize dada, kwa hiyo mama kazunguka muda wote huu, kapitia mpira wa mlango, kapitia kidude cha baridi, kapitia sahani na sufuria, ili afike hapa, mwanamke huyu aliyenilea, aliyekuwa akiniruhusu na kunikataza, leo anasubiri ruhusa kwangu, namsikia anavyopumua, na mimi sijui pa kuweka macho nimeyarudisha kwenye lenzi, na pale mnyama katoka mzima, hakukatika, kalala ubavu kwenye tone lake la maji na mrija wote uko wazi, moja, mbili, tatu, nne, tano, basi, unaishia hapo, narudia, tano, si nane, siku nyingine ningekuwa nimeshapiga kelele nikamkumbatia Papa, mara hii kaapa kweli, huyu hana jina bado, hakuna aliyemwandika, yuko chini ya jicho langu, na ninachokitaka wakati huu ni kujua jambo moja tu la nyumbani kwetu, "mama," nasema, "anakuchekesha?" ... "Jana," anasema, "nilicheka mpaka nikakaa chini jikoni, kwenye sakafu, mtu mzima mimi, ikabidi aje kuninyanyua," na nikamwona, mama yangu na kitenge chake na magoti yake mabovu, sakafuni, anacheka, na mara ya mwisho kumwona hivyo siikumbuki, najaribu kuikumbuka na siipati, "basi mwambie Jumapili asije na bisibisi," nasema, "aje hivi hivi, na mimi nitakuwepo, na kaka nitamleta," na Papa anajifuta macho kwa lebo ya chupa, wino utamwingia, na mama anavuta pua, anasema haya, anasema haya mwanangu, halafu kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla upepo haujaingia, anaanza kunieleza kilichomchekesha, eti kuna mteja wa huyu fundi, aliita akilia kwamba friji linanuka, fundi kufika, kufungua, akakuta viatu, na hapo mama anashindwa, anacheka kabla hajafika penyewe, maneno yanamponyoka, anajaribu tena, viatu vya nani, sielewi, vya mume, vimefungwa kwenye mfuko wa... anacheka, na mimi nimeinama pale pale, kibano mkononi, mnyama kalala pale pale kwenye tone lake, sijaandika chochote, "ngoja mama," nasema, "sijasikia vizuri, anzia mwanzo."