Aliyepimwa kwa Kidole Changu

Mume wangu ni fundi magari, bingwa wa injini, na kwa miaka minne alipima virusi vya UKIMWI kwa kidole changu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Wapimaji wakipita nyumba kwa nyumba na visanduku vyao, yeye daima ana gari la mtu la haraka. Mimi niko barazani nashona sare za shule, nitakimbilia wapi? Nachomwa kidole, nasubiri, mstari mmoja, napewa kadi yenye namba bila jina. Jioni baba watoto anarudi na grisi hadi viwikoni, hata salamu hajatoa.

"Tumeonaje?"

"Mimi sina."

"Basi tuko salama," anasema, anaomba maji ya kuoga.

Tuko! Nachomwa mimi, anapona yeye. Na wiki hiyo ndiyo anachelewa kurudi kuliko zote. Usidhani yuko peke yake. Gereji nzima walikuwa wamepimwa kwa vidole vya wake zao. Wapimaji wakishahama mtaa, wanaume walitembea vifua mbele kama waliopigwa chanjo, na kondomu za bure zikabaki kwenye boksi lao hadi watoto wakazifanya baluni.

Kilichonifumbua macho ni kadi yangu ya mwisho. Niliikuta kwenye mfuko wa ovaroli yake, nafua. Nikamuuliza inatafuta nini gereji. Mtu mzima akajiumauma, mwisho akasema kuna mtu alitaka kuiona.

Mtu mwenyewe nilimjua: nyumba ndogo yake, muuza vipuri wa mtaa wa pili. Kumbe mwenzangu ana akili kunishinda. Alikataa kulala naye mpaka aone majibu, na bwana akampelekea majibu yangu. Nilicheka pale pale kwenye beseni, kisha nikalia, maana niliogopa kweli. Kadi ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Miezi yote hiyo nilikuwa nalala na mtu ambaye hajulikani hali yake, hata na yeye mwenyewe.

Wapimaji waliporudi nikaficha mkono. Nikawaambia safari hii aanze baba watoto.

"Tumeonaje?" akauliza jioni.

"Sijui. Sijapima."

Akasukuma sahani pembeni. Siku tatu alinibembeleza, akaniletea viatu, akanihubiria kwamba afya ndiyo mtaji. Nikamjibu kwamba mtaji wake anao mwenyewe, auangalie. Alininunia. Siku ya nne, kwa kukosa usingizi, akakubali twende kituo cha afya wote wawili.

Tulipokewa na mshauri, binti wa rika la mwanetu wa kwanza, kwenye chumba chenye pazia na benchi moja. Akatuchoma vidole, akaweka saa mezani. Kipimo changu kikatoa mstari mmoja. Chake, miwili. Akarudia chake kwa kipimo cha aina nyingine, majibu yakawa yale yale.

"Haiwezekani," mume wangu akasema. "Mimi na huyu ni kitu kimoja. Miaka yote tumetoka wazima."

"Aliyetoka mzima ni mama," binti akamjibu kwa upole. "Wewe, baba, hatujawahi kukuona."

Nilishukuru Mungu, na papo hapo nikaona haya kushukuru, maana mikono yake ilikuwa inashindwa kufunga kifungo cha shati. Mikono inayoshusha injini nzima. Nilimhurumia na nilitamani kumzaba kibao, yote kwa pamoja.

Binti akamweleza: dawa kila siku bila kuruka, na atafanya kazi hadi azeeke. Mimi nipewe dawa kinga, tutumie kondomu, nirudi kupima tena baada ya miezi mitatu. Na yeyote mwingine aliyekuwa naye, aambiwe. Mume wangu akaitikia kila neno. Nikaanza kuamini amekua.

Akapokea kopo lake la vidonge, akaligeuzageuza, akamwinamia binti.

"Na za mwezi ujao, mama watoto anaweza kuja kunichukulia? Gereji kuna kazi nyingi."

Binti akanitazama. Nikamwambia mume wangu nitamsubiri nje. Tukitoka hapa, mtaa wa pili kuna mwanamke anadai majibu, na safari hii mume wangu atampelekea ya kwake mwenyewe.