Dizeli ya Chanjo

Mguu wa Komora ulikuwa umevimba hadi pajani, ngozi imevutika na kung'aa kama biringani. Nyoka, moma mnene, alimuuma alfajiri shambani Kulesa alipoinama kufungulia mpunga maji. Sasa ilikuwa saa nne, na alikuwa amelala kwenye sakafu ya kituo cha afya, nje kidogo ya Garsen.

"Dawa ya sumu hatuna," muuguzi Janet alimwambia Dinah, mke wa Komora. "Iko Malindi."

"Na ambulensi, sista?"

Janet akaonyesha dirishani kwa kidevu. Gari jeupe lilisimama juani, safi. "Haina dizeli. Kadi ya mafuta anayo msimamizi. Msimamizi yuko semina Mombasa, na simu amezima."

Dereva wa teksi ya probox alikuwa ameshakataa. Mtu akifia kwenye gari lake, alisema, nani atapanda tena?

Simu ya Dinah ikalia. Ni dada yake Maurine, mwaka wa pili sasa Ujerumani, akitunza wazee.

"Bado mko hapo? Huku nikipiga simu, gari linafika kabla sijavaa viatu! Juzi bibi mmoja alianguka. Dakika nane, Dinah. Nane!"

"Tutumie ya dizeli, dada."

Maurine akashusha sauti. "Kodi ya chumba imeondoka jana. Nilikuwa nimeshakatwa bima, nimekatwa ushuru. Nimebaki na nauli na mkate. Hata nyanya dukani nazitazama tu." Kisha sauti ikapanda. "Lakini nikikatwa, gari linakuja! Waambie ni haki yenu!"

"Nasi tumelipa bima. Ya mwaka mzima. Tuliuza mbuzi wawili."

"Niweke kwenye spika."

Janet akaisikiliza Ujerumani yote huku akimtazama Komora. "Dada," akasema mwishowe, "hiyo haki ukiipata dukani huko, ninunulie na mimi. Mshahara wangu wa mwisho niliupata miezi mitatu iliyopita."

Kalama, dereva wa ambulensi, akacheka mlangoni. Alipoona uso wa Dinah akaacha.

Asubuhi ile, kule Kulesa, mganga, mzee Ngumbao, alikuwa amekuja mbio na jiwe lake jeusi la kunyonya sumu. Dinah alimzuia. Hospitali kwanza, alisema, kama Maurine alivyomfundisha. Mzee akalirudisha jiwe mfukoni. "Haya, watu wa Ulaya."

Komora akakohoa. Fizi zake zilikuwa zikitoka damu.

Nyuma ya jengo jenereta ilikuwa ikinguruma. Dinah aliisikia tangu alipofika, lakini sasa ndipo alipoisikia kweli.

"Ile inakunywa nini?"

"Usiniulize hivyo, mama."

"Inakunywa dizeli, sista?"

"Ni ya friji ya chanjo. Stima ilipotea juzi. Ikizimika, kwa joto hili, zote zimeharibika kabla ya jioni. Chanjo za mwezi mzima. Na barua ya kujieleza nitaandika mimi, si msimamizi."

Dinah akapiga magoti. Alimshika Janet miguu yote miwili, juu ya viatu vyake vya raba.

Janet akatoa ufunguo wa banda la jenereta mfukoni, akauweka mezani. "Nakwenda msalani," akasema. "Sijaona kitu."

Kalama alileta mpira na mtungi. Alitia mpira kwenye tangi la jenereta, akaufyonza, akapaliwa, akautema. "Kifua changu hakiwezi." Dinah akaunyakua. Akavuta mpaka moto ukamjaa kinywani, na dizeli ikaanza kumwagika mtungini.

"Itatufikisha Malindi?"

"Gongoni, labda. Mbele ya hapo tuombe Mungu."

Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Walimpandisha Komora kwa shuka. Ili kufika kwenye gari iliwabidi wapite mbele ya benchi la kliniki, ambako akina mama zaidi ya ishirini walikaa na vitoto vyao na vitabu vya chanjo. Wengi walikuwa wametoka Kilelengwani kabla ya kucha. Mmoja wao, Batula, alikuwa na kichanga cha wiki mbili. Akainua kichwa, akasikiliza ule ukimya.

"Mama, mbona wamezima? Chanjo ipo?"

Dinah alifungua kinywa kumjibu. Harufu ya dizeli ikatoka kwanza. Batula akakifunika kichanga uso kwa leso, na Dinah akapanda garini.