Msimamizi Wangu Becky

Nimesuka nywele Kenyatta Market miaka kumi na tisa, kumbe muda huo wote nilikuwa nabahatisha tu. Niliyajua hayo mwaka jana, nilipoenda kuomba kazi ya kufundisha ususi kwenye kituo cha mafunzo kilichokuwa kikijengwa Mountain View. Waliangalia picha za vichwa nilivyosuka, wakatingisha vyao. "Mama, kazi yako ni moto. Cheti kiko wapi?"

Cheti! Mabibi harusi wangapi wamepita mikononi mwangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza cheti kabla ya kukaa kitini. Lakini kazi hiyo niliitaka jamani, niliitaka sana. Mgongo wangu umekataa kusimama kutwa, na daktari alishaniambia nikiendelea hivi nitatembea na fimbo. Wakaniambia kituo kitafunguliwa Mei. Nikileta cheti kabla ya hapo, nafasi ni yangu.

Basi nikajiandikisha chuo kimoja huko tao, katikati ya jiji, orofa ya tano, lifti ya kuangaliwa tu. Miezi sita nilisuka kichwa cha plastiki. Kichwa chenye adabu hicho: hakilii "unanivuta," hakina mba, hakipigi simu katikati ya kazi. Mwalimu alituchorea kitana ubaoni, mimi nikanakili kitana.

Kikabaki kitu kimoja, attachment, yaani miezi mitatu ya kufanya kazi chini ya msimamizi mwenye cheti. Nikaenda saluni moja ya Kilimani, vioo mpaka chooni. Msichana wa mapokezi akasoma barua yangu, akaniuliza kwa heshima zote, "Sasa mbona mtoto mwenyewe hakuja?" Nikamwambia mtoto ndiye mimi. Akasema watanipigia. Mpaka leo nasubiri simu.

Nikarudi kwenye kibanda changu. Na humo ndani, kwenye viti nilivyonunua mimi, kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye cheti: Becky. Alikuja kwangu akiwa hajui hata kugawa nywele, mstari wake unapinda mpaka mteja anauliza kama ndio fasheni. Nilimfundisha miaka minne. Kisha ni mimi huyu huyu niliyemsukuma aende chuo, nikimwambia elimu haiozi. Shauri yangu.

Kwa hiyo Becky akawa bosi. Kila Ijumaa alinijazia daftari la mafunzo, amekunja uso kwa aibu.

"Mama Beryl, wanauliza kama unafika kazini kwa wakati. Niandike nini?"

"Andika ukweli. Funguo za kibanda ninazo mimi."

Akaandika kwamba najitahidi.

Siku ya mwisho chuo kikamtuma mkaguzi, Bwana Norman, tai shingoni, pua imeelekea vibanda vya jirani vinavyochoma nyama. Nikamsuka mteja mistari kichwa kizima, peke yangu, kwa muda usiofika saa moja. Norman akapitisha kidole mstari kwa mstari akitafuta kosa. Alipolikosa, akaandika kwamba sikuvaa aproni.

Halafu akamtazama Becky, aliyekuwa akimsuka mteja kwenye kiti cha pili, akanitazama mimi. "Ajabu. Mnashika nywele namna moja kabisa. Nani alimfundisha mwenzake?" Akavua miwani. "Nauliza kwa sababu sheria hairuhusu mtu asimamiwe na mwanafunzi wake. Ikiwa ni hivyo, tunafuta hii yote. Utarudia muhula ujao."

Muhula ujao unaisha Agosti. Mei ilikuwa wiki mbili mbele.

Becky akafungua mdomo, nami namjua huyu msichana, uongo haumpiti kooni. "Huyu mama ndiye ali..."

"Mimi ndiye mwanafunzi wake," nikamkatiza. "Kila kitu nimejifunzia kwake. Nilikuja hapa hata kitana sijui kushika."

Moyo uliniuma, nisidanganye. Wateja wawili wa siku nyingi walinitazama, mmoja akaguna, lakini Mungu amsaidie, akanyamaza. Norman akaridhika. Akanipa fomu ya mwisho, iliyoandikwa: "Ujuzi huu nimeupata kutoka kwa", halafu nafasi tupu.

"Mama Beryl, usiandike," Becky akasema, machozi yamemjaa machoni.

Nikaandika jina lake, la ubatizo na la baba yake, kwa herufi kubwa.

Norman akagonga muhuri na kumpa Becky mkono. "Hongera sana. Mtu mzima kama huyu, umemtoa mbali." Becky akaangua kilio pale pale, na mkaguzi wetu mwenye macho makali akadhani ni furaha. Akanigeukia.

"Na wewe mama, hata humshukuru mwalimu wako?"

Nikasimama mbele ya msichana niliyemshika mkono nikimfundisha kupitisha uzi wake wa kwanza. Nikainamisha kichwa kidogo, kama wanafunzi wanavyofanya.

"Asante, mwalimu," nikamwambia.