Uzee wa Watasema

Asubuhi ile Bi Mwatumu alimkuta mbwa amesimama nyuma ya jiko, katikati ya kinu na kiambaza, uso umeelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa katika chuo cha Kurani. Pua imegusa udongo wa ukuta, mkia umelala. Hakuwa akivizia panya wala kunusa kitu. Alikuwa amefika pale, njia ikamwishia, na akili haikumwambia kwamba aliyeingia kwa mbele anaweza kutoka kwa kurudi nyuma.

"Watasema," alimwita. "We Watasema! Rudi nyuma, baba."

Mbwa alitikisa sikio moja, asirudi. Ikabidi kisogee kinu. Bi Mwatumu, ambaye magoti yalikuwa yakimlalamikia kila ainamapo, alikisukuma kile kinu kidogo kidogo huku akimtaja Mola kwa kila jina alilolikumbuka, mpaka pakapatikana upenyo. Mbwa akatoka. Akageuka, akamtazama aliyemkomboa, akambwekea kwa ukali wake wote wa ujana kama anayembwekea mwizi.

Bi Mwatumu akacheka. Kisha kicheko kikamkauka, akaketi juu ya kinu.

Jina lile mbwa alipewa na marehemu Idarusi, mume wa Bi Mwatumu. Alimleta akiwa kitoto, kutoka kwa Wabondei wa upande wa Muheza, na kabla hajamshusha kapuni kijiji kizima kilikuwa kimeshakunja pua. Mwislamu, mtu aliyehitimu chuo, anafuga mbwa! Idarusi hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba mbwa ataitwa Watasema, ili kila amwitapo majirani wajue kuwa wamesikika. Watu wa pwani ndivyo tulivyo: neno lisilosemeka barazani huandikwa kwenye leso za kujifunga, na likishindikana huko hupewa mbwa alibebe.

Idarusi alipofariki, konde lao la muhogo lilibaki kule mteremkoni, mbali na nyumba, na nguruwe wa mwitu hawana rambirambi. Wajane wengine waliokosa mwanamume wa kulala dunguni kulinda walikuwa wakiamka na kukuta makonde yao yamefukuliwa kama makaburi. La Bi Mwatumu halikuguswa. Watasema alikwenda peke yake kila magharibi, akarudi kila alfajiri akiwa na umande mgongoni, mara nyingine na jeraha. Hakuna tonge la bada la unga wa muhogo lililoliwa katika nyumba ile ambalo mbwa yule hakulipigania. Bi Mwatumu alilijua hilo, na alimshukuru, lakini alimshukuru kwa mbali, kama mtu anavyomheshimu mkwewe. Chakula chake kilikuwa kwenye kifuu, kifuu kilikuwa uani, na kizingiti kilikuwa mpaka. Mate ya mbwa ni najisi nzito, ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, na yeye alikuwa mwanamke wa udhu. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumpitishia mkono kichwani.

Kisha kampuni ya mkonge ikautwaa mteremko wote. Muhogo ukang'olewa, mkonge ukapandwa kwa mistari iliyonyooka mpaka barabara ya Pongwe. Bi Mwatumu akalima kijishamba nyuma ya nyumba, na Watasema akastaafu bila kuambiwa. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya kutawazwa Malkia wa Uingereza, picha yake ikiwa bado mpya katika baraza la Jumbe, mkuu wa kijiji, ndipo mbwa alipoanza kupotea. Hakupotea njia tu. Alikuwa akipotea mwenyewe, kidogo kidogo, kama sukari chini ya kikombe.

Alizunguka mnazi mmoja mpaka akaanguka kwa kizunguzungu. Alilala mchana, akalia usiku. Alikiogopa kifuu chake, ikawa lazima Bi Mwatumu akisukume kwa fimbo mpaka puani ndipo akumbuke kula, na udenda ukimchuruzika. Na kila jua lilipoelemea magharibi, kumbukumbu moja tu ndiyo iliyokuwa ikimjia: kazi. Alijikokota mpaka mteremkoni, akaketi katikati ya mistari ya mkonge, masikio juu, akalinda muhogo ambao haukuwapo. Bi Mwatumu alikuwa akimfuata na kamba ya usumba wa nazi. Alimngoja kwanza akauke udenda, maana kikavu kwa kikavu hakiambukizi najisi, kisha akamtupia kitanzi shingoni na kumrudisha.

"Umelinda vizuri," alikuwa akimwambia njiani. "Hawajala hata shina moja. Twende."

Sasa, kijiji kile hakikuwahi kumwona mbwa mzee. Mbwa wao walikuwa wa makondeni. Waliuawa na meno ya nguruwe, na nyoka, na mitego, kabla mvi haijawagusa midomo. Uzee wa mbwa ulikuwa jambo lisilo na jina. Kwa hiyo zilipofika habari kutoka njia ya Muheza kwamba kuna mbwa mwenye kichaa ameng'ata watu, na Jumbe Uweso akapiga mbiu kwamba kila mbwa afungwe na atakayeonekana akirandaranda apigwe risasi, macho yote yaligeukia uani kwa Bi Mwatumu.

Wa kwanza kusema alikuwa wifi yake, Mwamvua, dada wa Idarusi, ambaye nyumba yake ilitazamana na jiko lile.

"Wifi, huyo ana kichaa. Udenda unamtoka, anabwekea ukuta, hakujui wewe unayemlisha. Unangoja nini? Akung'ate?"

"Hana kichaa."

"Ana nini basi?"

Bi Mwatumu alikuwa na jibu, lakini jibu lenyewe lilikuwa kaa la moto. Aliyajua yale mambo. Aliyaona kwa mama yao Idarusi na Mwamvua, Bi Tabia, mzaliwa wa Pemba, ambaye katika miaka yake ya mwisho alikuwa akifunga nguo zake kila alasiri ili arudi kwa baba yake kuchuma karafuu. Baba mwenyewe alikwisha kuwa udongo kabla Mwamvua hajazaliwa. Bi Tabia naye alizunguka, naye alilia usiku, naye hakuwajua waliomlisha. Lakini nani atamwambia mtu, mbwa wangu anaugua ugonjwa wa mama yako? Ulimi hauna mfupa, ila unavunja undugu.

"Amechoka tu," akasema.

Mwamvua alimtazama kwa jicho kali, akajifunga leso upya, akaondoka.

Ijumaa iliyofuata, Bi Mwatumu alimfunga mbwa kwenye mnazi na kuingia ndani kuswali adhuhuri. Alipotoa salamu na kutoka nje, kamba ilikuwa imelala chini imekatika. Alikimbia mteremkoni kwanza, na hilo ndilo kosa lililomchelewesha, kwani jua lilikuwa bado utosini na Watasema hakuwa amekumbuka kazi. Alikuwa amefuata sauti za watu. Bi Mwatumu aliporudi mbio, alisikia makelele kutoka uwanja wa msikiti.

Wanaume walikuwa wametoka tu kuswali, na kanzu zao nyeupe zilikuwa zimefanya duara kubwa. Katikati ya duara alikuwa Watasema, akizunguka, udenda ukining'inia, akibweka upande ambao hapakuwa na mtu. Kombo, mwenye gobore la kijiji, alikuwa ameshaletewa silaha yake na anashindilia baruti. Mikono yake haikuwa na haraka. Mara nyingi yeye na mbwa yule walikuwa wamefuata nguruwe mmoja.

"Jumbe!" Bi Mwatumu alipaza sauti. "Jumbe, ngoja!"

"Shikamoo, Bi Mwatumu," alisema Jumbe Uweso. Hata pale hakusahau adabu. "Usisogee, mama yangu. Amri imeshatoka, na mbwa unamwona mwenyewe."

"Marahaba. Namwona. Mbwa wa kichaa anakunywa maji?"

Jumbe akawatazama wenziwe. "Hanywi. Anayaogopa."

"Basi nipeni maji. Asipokunywa, Kombo afanye kazi yake nami sitanena neno."

Mtu mmoja alichota maji ya birika la udhu kwa kifuu, akakisukuma kwa fimbo mpaka karibu na mbwa. Watasema alikinusa kile kifuu, akaruka nyuma, akaanza kukibwekea. Duara lote likanguruma.

"Mmeona! Anayaogopa maji!"

"Anaogopa kifuu," alisema Bi Mwatumu, lakini hakuna aliyemsikia. Kombo aliinua gobore begani.

Hapo Bi Mwatumu hakufikiri. Angefikiri, angekumbuka kwamba mbele yake wamesimama wanaume wa kijiji kizima wakiwa na udhu wao, kwamba yeye ni mjane wa mtu wa heshima, na kwamba mbwa yule asubuhi ile ile hakumjua. Alikwenda moja kwa moja, akachutama na magoti yake yaliyolalamika, akakusanya maji ya kifuu katika kiganja cha mkono wa kulia, akakinyoosha.

"Bi Mwatumu," alisema Kombo nyuma yake, "akikung'ata mimi sina dawa."

"Najua."

Watasema akanguruma. Midomo ilipanda, meno yaliyobaki yakaonekana, manjano, yenye mapengo. Macho yake yalikuwa na utando kama maziwa yaliyoganda, na ndani yake Bi Mwatumu alijitafuta asijione. Hakuwa mtu anayemjua. Alikuwa mkono tu, na maji. Aliona kwamba katika miaka yote ile hakumpa mbwa huyu nafasi ya kuujua mkono wake.

"Nguruwe wamekimbia wote," akamwambia polepole. "Umewafukuza. Muhogo wote upo. Sasa kunywa, baba. Umefanya kazi kubwa."

Maji yalikuwa yakivuja vidoleni. Mbwa akashusha kichwa. Ulimi ukagusa kiganja, wenye joto na wa kukwaruza, mara ya kwanza kwa woga, kisha kwa pupa, akayalamba maji yote, akalamba na kiganja kilichobakia kitupu, akalamba na vidole kimoja baada ya kingine. Bi Mwatumu akachota tena. Akanywa tena. Machozi yalikuwa yakimtoka mwanamke yule, wala hayakuwa ya hofu. "Ahsante," alikuwa akisema. "Ahsante, Watasema. Ahsante." Alikuwa amengoja mno kulisema neno lile, na sasa alilisema mbele ya watu wote bila kujali nani analisikia.

Kombo alishusha gobore.

"Maji kanywa," alisema Kombo, kama mtu anayetoa ushahidi. "Mimi mbwa aliyekunywa maji simpigi."

"Ana nini, basi?" aliuliza Jumbe Uweso.

"Kazeeka," alisema Bi Mwatumu. "Hamjapata kumwona mbwa aliyezeeka kwa kuwa wetu wote hufa wakitulindia chakula. Huyu alikataa kufa. Kazeeka tu, Jumbe, kama atakavyozeeka kila atakayejaaliwa."

Jumbe alikuna ndevu. Alisema mbwa afungwe kwa kamba nzima, siyo ile mbovu, na kwamba shauri limekwisha. Kisha duara likafunguka.

Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Mkono wa kushoto ulishika kamba aliyopewa na Kombo. Wa kulia aliunyoosha mbali na mwili, umelowa, usiguse leso wala mtu. Watu walimpisha. Wengine walikunja kanzu zao wasije wakaguswa, na hakuwalaumu, kwani angekuwa wao angekunja pia. Ila hakuona aibu. Aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama hina mpya.

Uani kwake alimkuta Mwamvua. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, ndoo ya maji pembeni, kata ya kuchotea mkononi, na rundo la udongo safi ameliweka juu ya jani la mgomba. Habari zilikuwa zimemfikia kabla ya miguu. Bi Mwatumu alimfunga mbwa kwenye mnazi, akasimama, akangoja matusi yake.

"Lete huo mkono," alisema Mwamvua.

Akampaka udongo kwanza, kiganjani na kati ya vidole, akamimina maji. Hakuogopa kurukiwa na matone. Alimimina mara ya pili na ya tatu, kwa utulivu, macho yakiwa kwenye kata.

"Mama alikuwa akila kwa mkono huu," akasema. "Wangu aliukataa. Mimi mwanawe wa kumzaa, alinifukuza na sahani yangu, akafungua mdomo kwako wewe mtu wa kuja. Nilikuchukia, wifi."

"Hakuwa akijua, Mwamvua. Alinidhani mimi mtumishi wa baba yake."

"Alishiba. Ndiyo nnayokwambia. Alikufa ameshiba, na mimi sikukwambia ahsante." Alimimina tena. "Na huyu mbwa wako, tangu siku ile ya kwanza aliyozunguka mnazi, nilimjua ana nini. Nilitaka aondolewe nisimwone."

Maji yalipita mkononi, yakaanguka, yakafanya kijito chembamba cha udongo mwekundu kuelekea kwenye mnazi. Watasema aliyafuata kwa pua, akakiona kile kijito, akaanza kukinywa.

Mwamvua alichota tena, akasita, kata ikiwa hewani.

"Hii ya ngapi?"

"Ya tano." Bi Mwatumu akafikiri. "Au ya sita. Wewe si ndiye unayehesabu?"

"Nilidhani wewe unahesabu."

Walitazamana, wanawake wawili wenye mvi, na haikujulikana nani aliyecheka kwanza.

"Basi," alisema Mwamvua, akainama kuchota udongo mwingine. "Tuanze upya. Lete mkono."