Springi Zilizokuja Kuposa

Usiku wa kuamkia leo niliota washenga wawili wamekuja nyumbani kuiposa pikapu yetu. Wote wawili walikuwa springi.

Nilikuwa nimelala na hasira, sifichi. Jioni kaka yangu Anyosisye alinipigia simu kutoka Mbeya. Springi za pikapu zimekufa, na mimi nilikuwa nimemwambia kwamba nimeona dukani, pale sokoni Mwanjelwa, springi na shokapu za maana, za magari ya porini, zimepakwa rangi ya dhahabu. Bei yake inatoa jasho. Akanijibu, "Weka zile za bei poa, Lwitiko. Mzee mwenyewe safari zake zimebaki ngapi?"

Mzee ni baba yetu. Mwezi wa tatu alianguka kutoka kwenye mparachichi akavunjika nyonga. Kukaa hawezi. Kila Jumatatu namlaza nyuma ya pikapu, juu ya godoro, nampeleka hospitali Tukuyu, kilomita thelathini na nane za mawe na mashimo. Nilikata simu, nikautukana ukuta, nikalala.

Basi washenga wameketi sebuleni. Pikapu nayo iko sebuleni, imejifunika khanga boneti nzima, inaona haya. Sijiulizi imepitaje mlangoni.

Mshenga wa kwanza bado yuko ndani ya nailoni. Amekuja kwa niaba ya bei poa. "Sisi hatuna makuu," anasema, na sauti ni ya kaka yangu kabisa. "Tunaoa leo, kesho tunaondoka."

"Mnaondoka kwenda wapi?"

"Tunavunjika."

Anasema hivyo bila aibu, huku anakunywa chai yetu.

Mshenga wa pili ni wa dhahabu. Cheti cha dhamana kimechungulia mfukoni, na chai hataki. "Binti yenu hubeba nini?" ananiuliza.

"Parachichi. Msimu ukiwa mzuri, tani nzima."

"Na msimu ukiisha?"

"Baba."

"Ana kilo ngapi?"

Uzito wa kila kreti ya parachichi ninao kichwani. Tunda likibonyea mnunuzi analikataa, kwa hiyo kreti zote tunazitandikia majani makavu ya migomba. Kilo za baba sikuzijua.

"Basi twende mizani," akasema.

Hapo hapo sebule ikawa mizani ya barabarani, ile ya malori. Ofisa wa zamu ni parachichi, amevaa kofia na filimbi shingoni.

"Nani anachagua springi?"

"Mimi. Bado sijaamua."

"Anayechagua ndiye anayelala nyuma. Hiyo kanuni imebandikwa ukutani." Ukuta haupo, lakini kanuni naiona, na imepigwa muhuri.

"Na nani ataendesha?"

"Aliyekuwa analala."

Baba yuko kwenye usukani. Ni mzima, kijana, ana meno yote. Mimi niko chali juu ya godoro lake, na ndipo najua kwamba godoro lile ni jembamba kama chapati. Pembeni yangu wamepanga kreti za parachichi, zimezama kwenye majani makavu hadi shingoni.

"Pole," tunda moja linaniambia. "Sisi huwa tunatandikiwa."

Natamani kulipasua, mikono haifiki.

Tukaanza na bei poa. Shimo la kwanza tukapita. La pili shokapu ikaanza kuvuja mafuta. La tatu ikateremka yenyewe, ikakaa kando ya barabara, ikanipungia mkono. "Mimi nimefika," ikasema. "Salimia nyumbani." Rahisi huvunja upishi, ila safari hii ilikuwa inavunja mgongo wangu.

"Mlete wa dhahabu!" nikapiga kelele.

Mshenga wa dhahabu akaingia chini ya gari. Tukagonga jiwe. Hakuinama hata kidogo. Nilirushwa juu nikaona mabati yote ya Tukuyu, kisha nikarudi chini kwa kishindo.

"Inama!"

"Siinami kwa kilo arobaini na tatu," akajibu kutoka chini, kwa adabu zote. "Mimi nimeundwa kwa tani moja. Ongeza mzigo."

"Kilo arobaini na tatu ni za nani?"

"Za mwenye godoro."

Hasira zikanipanda hadi utosini. Baba yangu alikuwa anabeba magunia mawili ya viazi kwa mpigo. "Sasa ulikuja kuposa nini kwetu, mpumbavu wewe?"

"Ulinichagua wewe. Chini ya meza ya muuzaji palikuwa na springi laini, nyeusi, bei ya katikati. Muuzaji akakuuliza utabeba nini. Ukamwambia, nataka hizi zinazong'aa."

Ni kweli, na ukweli ule ulinichoma kuliko lile jiwe. Kaka alitaka kubana matumizi. Mimi nilitaka watu wa Tukuyu wageuze shingo nikipita. Nyonga ya baba haikuwa na mshenga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Wa mzazi hakuna aliyejisumbua kuutungia methali. Nikamlaani Anyosisye, nikajilaani na mimi, nikalilaani parachichi.

Kisha nikapiga kioo kwa ngumi. "Baba, punguza mwendo!"

Hasikii. Amefungulia redio, kwaya imejaa gari zima, na yeye anapiga mluzi. Sauti ile ya redio naijua, ni kipimo changu mwenyewe. Kila Jumatatu, tukifika tu kona ya kwanza, napandisha mpaka hapo, na siku zote nimejiambia kwamba ni kwa sababu napenda kwaya.

Daraja linakuja. Upande wa kushoto kuna shimo, na kutokea nyuma naliona vizuri kuliko nilivyowahi kuliona kutokea mbele.

"Shimo! Baba, shimo la kushoto!"

Tukaliingia lote. Niliangukia nyonga ya kulia, na ukelele ulionitoka ulikuwa wa baba.

Nikaamka. Jua limeshapanda. Chumbani kwa baba kimya, hata ile miguno yake ya asubuhi hamna, nikashtuka. Nikateremka kitandani, mguu wa kulia ukakataa. Nikajikokota, nimeshika ukuta, mpaka mlangoni kwake.

Yuko macho, ametulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimelala. Tangu mwezi wa tatu sijalala hivi. Nyonga kama haikuwemo kitandani." Akanitazama ninavyochechemea. "Nawe umeangukia wapi?"

"Darajani," nikasema, kabla sijafikiri.

Hakushangaa. "Lile shimo la kushoto," akasema. "Kila Jumatatu nakupigia kelele ulikwepe. Hunisikii."