Ukoko wa Kimanga

Jumamosi ile hakuna aliyefanya kazi kama Obadiah, na msifikiri watu wa Sagalla ni wavivu. Walifika asubuhi na mapema na mapanga, majembe na reki, wengine wametoka Voi kwa bodaboda, kusafisha kilima kilichoungua wiki iliyopita. Moto ulikuwa umekula nyasi, miti na mizinga yote kumi na miwili ya Mama Gertrude, ile aliyoitundika kuzunguka shamba ili nyuki wawatimue ndovu.

"Pumzika, mzee!" Mwangangi wa bodaboda alimpigia kelele. "Unatuaibisha vijana!"

Angepumzikaje? Siku ya moto yeye ndiye aliyekwenda korongoni kurina asali. Miaka arobaini amekuwa akikikanyaga kienge chake, lile fungu la majani makavu la kuwafukizia nyuki, mpaka kizime kabisa, kisha anakikojolea ili kuhakikisha. Siku hiyo nyuki mmoja alimuuma kwenye kope. Obadiah akakitupa kienge, akatimua mbio. Hakumwambia mtu yeyote, na tangu hapo chakula kilimkwama kooni.

Saa saba Mama Gertrude akaipua sufuria ya kimanga, mihogo na maharagwe yamepondwa yakapondeka. Pale kwao sahani ya kwanza ni ya aliyetoka jasho kuliko wote.

"Ni ya nani?" aliuliza.

"Obadiah!" wakaitikia wote.

Alimletea kwa mikono miwili, mikono yenye malengelenge aliyoyapata akijaribu kuiokoa mizinga bila kufaulu. "Mungu akubariki, ndugu yangu."

Obadiah aliiangalia ile mikono. Jamani, alishindwa.

"Mama, moto ule ni mimi. Nilitupa kienge, nikakimbia."

Mama Gertrude akaichukua sahani, akampa Mwangangi.

"Na wiki nzima umenyamaza?"

"Niliogopa utanichukia."

"Nimekuchukia. Kaa pale kwenye jiwe."

Akakaa. Mama akawapakulia watu wote, akawapakulia hata mbwa wawili wa jirani. Obadiah alitamani kwenda nyumbani, lakini hakuinuka. Mwishowe mama akamjia na sufuria yenyewe, akaitua mbele yake kwa kishindo.

"Umebaki ukoko, na umeungua. Si ndivyo unavyopenda vitu vyako?"

Mwangangi alicheka mpaka kimanga kikampalia, na wengine wakafuata.

"Kula, halafu uoshe sufuria," mama alisema. "Jumatatu uje na msumeno na mbao. Mizinga ni kumi na miwili, na ndovu hawakungoji wewe umalize kuona haya."

Obadiah akakwangua. Ukoko ulikuwa mchungu, mgumu, na ulishuka kooni bila kukwama. Akaukwangua mpaka sufuria ikang'aa, kisha akainua macho yenye machozi.

"Mama, hakuna ukoko mwingine?"