Kesi ya Masikio Yaliyolowa

Mbwa alikutwa na ushahidi masikioni. Ndivyo nilivyomwambia mke wangu siku ya kwanza, nikajiona mjanja sana. Kidimbwi cha mkojo kilikuwa sebuleni, kando ya kiti cha baba yangu, na Masikio alikuwa amelala hapo hapo, ncha za masikio yake zimelowa chapachapa.

Masikio ni mbwa aina ya baseti: mwili mrefu, miguu mifupi, masikio yanayofagia sakafu. Tuliachiwa na mteja wangu mmoja aliyehama, wiki ileile niliyomshonea baba suruali tatu. Mimi ni fundi cherehani, na kwa baba sikubahatisha: kitambaa kizito, na mbele vifungo vitano badala ya zipu, mtindo aliouvaa enzi zake za ualimu. Alizishika kwa mikono yake inayotetemeka, akauliza kama haziwezi kuwa za mpira kiunoni.

"Mpira ni wa watoto, Baba," nikamwambia. Akacheka kidogo. Kumbe alizipenda, nikafikiri, maana akawa anazifua mwenyewe kila siku na kuzianika uani.

Vidimbwi navyo vikawa vya kila siku. Mke wangu akachoka kupiga deki.

"Jumamosi kaka yangu anakuja," akasema. "Kama huyu mbwa bado anakojoa ndani, amchukue akalinde ghala lake."

Sikutaka aende. Nilikuwa nimeshamzoea yule mzembe. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, akampima, akasema ni mzima kabisa.

"Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, na kila baada ya saa mbili. Akikojoa nje, msifu papo hapo. Usimpige. Alipochafua futa kwa siki, harufu ikibaki atarudi palepale. Na hayo masikio yakaushe vizuri, yasije yakavunda."

Nikafuata kila neno, nikiacha cherehani kila baada ya saa mbili kukimbia nyumbani, mpaka wateja wakaanza kuniita Bwana Mbwa. Nje alikojoa kama bomba lililopasuka, nikamsifu, akatikisa mkia. Tukirudi ndani, baada ya muda kidimbwi kiko palepale. Mbwa mmoja ana matangi mangapi? Nilichanganyikiwa, na mimi nikichanganyikiwa huwa nagomba. Kila nilipomkaripia, baba aligeuza uso akatazama dirishani. Nilidhani anamhurumia.

Ijumaa nilikwenda na Masikio kazini, akashinda chini ya meza ya kukatia. Jioni mke wangu alitupokea mlangoni na ndoo.

"Leo tena," akasema. Kisha akamwona mbwa nyuma yangu, akaitazama tena ndoo.

"Labda paa linavuja," nikasema. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu.

"Labda," akajibu, akaenda kumwaga maji.

Jumamosi asubuhi shemeji akaja na kamba. Masikio alikuwa amejilaza juu ya miguu ya baba na hakutaka kuinuka. Shemeji akavuta, kucha zikakwaruza sakafu.

"Mwache," baba akasema.

"Mzee, mbwa wa hivi hafundishiki."

"Si yeye. Ni mimi."

Hakumtazama mtu. Aliinua vidole vyake mbele yangu, vikawa vinacheza vyenyewe.

"Vifungo, mwanangu. Naanza kuvifungua hapa hapa kitini, kwa kuwa najua ni vingi. Nikifika cha tatu, nimeshachelewa. Huyu anakuja kulala karibu nami, masikio yanaingia humo."

Shemeji akalegeza kamba. Mke wangu akaingia jikoni na kufunga mlango taratibu. Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nilichukua mkasi nikatoka uani. Suruali mbili zilikuwa kwenye kamba, bado zinadondosha maji. Vifungo vyangu nilikuwa nimevikaza kwa uzi mara tatu, visitoke milele, na vilinitoa jasho. Masikio alinifuata, akanusa kila kimoja kilipoanguka.

Nilirudi ndani na futi kamba, nikapiga magoti mbele ya kiti kupima kiuno cha baba.

"Za mpira zitakuwa tayari leo," nikasema.

"Sawa, Fundi," akajibu. "Mwombe radhi mbwa kwanza."